Uliza Mama Fundi: Bibi Yako Hakupata Joto kwa Udongo Peke Yake

SWALI

Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni mwenyeji wa Makete, nina duka Kariakoo, mwaka wa 12 huu. Mwakani tunarudi nyumbani: mimi, mke wangu, watoto watatu, na mama yangu mzazi ambaye miguu humsumbua kila baridi ikiingia. Kiwanja ni cha familia, kipo kwenye mteremko unaotazama kaskazini, udongo wake mwekundu, nyuma kuna msitu wa misindano. Nimeamua kujenga kwa udongo kwa sababu nakumbuka nyumba ya bibi ilivyokuwa na joto. Ramani nimepewa na rafiki yangu aliyejenga Kigamboni: mita 14 kwa 12, sebule kubwa, vyumba vinne, jiko la nje. Ndugu zangu wananicheka, wanasema mtaji umekata. Fundi wa kijijini naye anasisitiza nichome tofali. Naomba unieleze: udongo utaizuia baridi ya Juni? Ukuta uwe na unene gani? Na mama nimlaze wapi?

*Msomaji, Makete*

JIBU

Marahaba mwanangu, na mama mpe pole ya miguu.

Nianze na bibi yako, maana ndiye aliyekuponza. Unalikumbuka joto, na joto lilikuwepo kweli, ila hukumbuki lilitoka wapi. Nyumba ya bibi ilikuwa ndogo, ukiingia unainama. Paa lilikuwa la nyasi, unene wake kama toka kiwiko hadi ncha za vidole. Dirisha, kama lilikuwepo, lilitosha paka. Katikati palikuwa na mafiga ambayo hayakupoa toka alfajiri mpaka watu wanalala, na mlilala watu saba na mbuzi wawili. Udongo ulikuwepo ukutani, ndiyo, ukifanya kazi yake. Lakini ukiuchukua udongo peke yake, ukaacha moto, nyasi, udogo na mbuzi, halafu ukamwekea mama yako bati juu na zege chini, utakuwa umemjengea pango.

Najua, kwa sababu pango hilo nililijenga mwenyewe. Ilikuwa 1998, pembeni ya mji wa Njombe, nimetoka kujifunza uashi na najiona mjuzi. Ukuta wa matofali mabichi, sentimeta 40, timazi imenyooka kiasi kwamba hadi leo mafundi wanakuja kuutazama. Juu bati tupu, dari hakuna. Chini jamvi la zege. Jiko nje, kama nyumba za watu wa kisasa. Julai ilipoingia tulilala na makoti. Alfajiri matone yakaanza kutudondokea kitandani, na mvua ilikuwa haijanyesha miezi miwili. Mume wangu akaamini bati limetoboka, akapanda juu na kopo la lami, akaziba kila msumari. Usiku uliofuata, matone yale yale. Zilikuwa pumzi zetu wenyewe, na mvuke wa maji ya kuoga. Bati linapotazama mbingu isiyo na wingu usiku kucha hupoa kuliko hata hewa ya nje, na mvuke wote wa ndani ukipanda hukutana na bati hilo ukageuka maji.

Sasa tuelewane udongo unafanya nini. Blanketi hukupa joto kwa sababu ya hewa iliyotulia kati ya nyuzi zake. Nyasi, maranda, manyoya ya kondoo, vyote hivyo ni hewa iliyofungwa. Udongo uliofyatuliwa au kushindiliwa ni mzito, hewa ndani yake ni chache, kwa hiyo kama blanketi hautoshi. Wewe ni mtu wa Kariakoo, utanielewa nikikwambia udongo ni ghala. Unautunza mzigo ulioingizwa. Joto la jua la mchana na la moto wa jioni linaingia ukutani taratibu na kutoka taratibu. Ukuta wa sentimeta 30 hadi 40 huchukua saa nane, kumi, hata zaidi, kulipitisha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa nchi kama yenu, ambako Juni na Julai jua huwaka mchana na usiku majani yanashika barafu, ghala la namna hiyo ni mali. Lakini ghala lisiloingizwa mzigo ni jengo tupu. Tuseme mchana ni nyuzijoto 16 na usiku ni 4. Ukuta mnene usiopata jua wala moto utakupa kitu cha katikati, kumi hivi, usiku na mchana. Mama yako hatakushukuru kwa kumi.

Kwa hiyo swali lako la unene wa ukuta nitalijibu, ila siyo la kwanza. La kwanza ni ramani.

Ramani ya Kigamboni mrudishie mwenyewe. Nyumba ile ilichorwa ili ifukuze joto: dari la juu, matundu ya hewa juu ya kila dirisha, madirisha makubwa yanayotazamana upepo upite, jiko nje moto usisumbue watu. Kwa Kigamboni kila kitu hapo ni sahihi. Kwa Makete kila kitu hapo ni kosa, na utalilipia kwa kuni maisha yako yote.

Mimi nakupa mita 10 kwa 8, ukipimia nje. Usinune. Kila mita ya sebule utakayoongeza kwa ajili ya wageni wa Krismasi utaipasha joto mwaka mzima kwa ajili ya makochi. Dari liwe mita 2.4, lisizidi. Katikati, upande wa kaskazini, weka chumba kimoja cha kupikia, kulia na kukaa, maana nyumba zote za nyanda zetu nilizowahi kuingia mwezi wa Julai watu nimewakuta jikoni. Sebule ina vitambaa na picha ya harusi, watu wako jikoni. Basi jikoni pajengwe vizuri, paitwe sebule, yaishe. Chumba cha mama kiwe kaskazini mashariki, kikigusana na ukuta wa jiko. Chenu kaskazini magharibi. Upande wa kusini panga stoo, bafu na vyumba viwili vidogo vya watoto. Damu zao bado zinachemka. Kusini ndiko unakotoka upepo mkali wa msimu wa baridi, kusini mashariki hasa, na msitu wako wa misindano uko huko huko. Hiyo ni bahati, usiuze mbao zote kwa mkupuo.

Kwa nini kaskazini? Kwa sababu huko kwenu, kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini wa mbingu. Mwezi Juni saa sita mchana linasimama kwenye nyuzi kama 57 juu ya upeo, na asubuhi saa tatu liko kaskazini mashariki, chini zaidi, nyuzi 26 hivi. Dirisha la mashariki kwenye chumba cha mama litaingiza jua la saa tatu mpaka kitandani kwake. La kaskazini litaendelea na kazi mchana. Kiwanja kinachotazama kaskazini watu wengi wa milimani hawakijali, ila kwa nyumba ya udongo nakipandisha daraja kuliko kilicho karibu na barabara.

Hapa kuna ugomvi kidogo ambao lazima uusuluhishe kwenye karatasi kabla ya fundi kupaua. Ukuta wa udongo unataka upenu mrefu, sentimeta 90, mvua isiupige. Lakini upenu wa 90 upande wa kaskazini utaziba karibu dirisha lote jua la adhuhuri la Juni. Mimi hufanya hivi: kaskazini upenu wa sentimeta 60, dirisha lianze chini, sentimeta 60 toka sakafuni, na ukuta wa upande huo upate msingi wa mawe mrefu zaidi na lipu ya chokaa. Pande nyingine tatu, 90 bila mjadala.

Jiko. Lijenge kwa matofali ya kuchoma na udongo, lenye mlango wa chuma wa kuni, na dohani ipande ndani ya ukuta unaotenganisha jiko na chumba cha mama. Isiwekwe kwenye ukuta wa nje. Dohani ya ukuta wa nje inapasha joto viazi shambani. Ukuta huo wa kati ufanye mnene, sentimeta 40 kama wa nje. Utakunywa moto wa jioni na kuurudisha kwa mama usiku wa manane, wakati miguu inapoanza kuuma. Chini ya sakafu pitisha bomba la inchi 4 toka nje hadi karibu na mlango wa kuni, lenye wavu wa panya. Moto unahitaji hewa, na usipoupa njia yake utaivuta baridi kupitia chini ya milango, migongoni mwenu. Kule dohani inapokata dari, acha sentimeta 30 pande zote bila mbao wala maranda, ujaze matofali na udongo.

Na mkaa. Hapa sitanii kama pengine. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, hata likiwa limefunikwa majivu, hata kwa dakika kumi za "kuvunja baridi". Hewa yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na mtu anayeivuta anaweza kusinzia asiamke. Nimepika uji kwenye msiba wa mtu na mkewe waliolala hivyo, nyumba nzuri, wamefunga kila kitu. Kadiri utakavyofuata ushauri wangu wa kuziba mapengo, ndivyo jiko la mkaa litakavyozidi kuwa hatari ndani ya nyumba hiyo. Mweleze mkeo, weleza watoto, na mweleze mama hasa, maana wazee ndio wenye mazoea hayo.

Paa ndipo pesa yako iende. Ukiwa na fedha ya jambo moja tu zaidi ya kuta, iweke juu. Piga dari la mbao za msindano juu ya mbao za mbili kwa sita, nafasi sentimeta 60. Tandika mifuko ya saruji iliyopasuliwa, ikipandiana, ili vumbi lisidondoke. Halafu maranda. Kwenye viwanda vya mbao yanarundikana mpaka watu wanayachoma kuyapunguza, nawe utayapata kwa gharama ya kuyabeba. Yakaushe juani mpaka yakibanwa mkononi yasishikamane, changanya ndoo kumi za maranda na moja ya chokaa kwa ajili ya wadudu, jaza sentimeta 20, usishindilie. Ukishindilia umetoa hewa, na hewa ndiyo uliyoinunua. Mwisho nyunyiza uji mwepesi wa udongo juu yake upate ganda jembamba, cheche na panya wapate shida. Juu ya maranda na chini ya bati acha nafasi, na tundu lenye wavu kila upande wa kipaa, ili unyevu utoke. Hewa ipite juu ya maranda, isipite chini yake. Nilipofanya hivyo kwangu, 2003, matone yaliisha usiku ule ule, na mume wangu hadi leo anasema ni ile lami yake.

Sasa kuta. Fyatua tofali la sentimeta 40 kwa 20 kwa 10, ulilaze liupite ukuta kwa urefu wake, upate unene wa 40. Kwa mita mraba moja utatumia kama matofali 38. Kuta zako za nje, ukitoa milango na madirisha, ni kama mita mraba 72, kwa hiyo 2,700 na kidogo. Fyatua 3,200, ya kuvunjika yapo na ukuta wa jiko upo. Vigawanyo vidogo vya vyumba usivijenge kwa tofali. Simamisha mbao, funga mianzi, kandika pande zote mbili. Ni vyepesi, ni vya haraka, na ukibadili mawazo unavihamisha. Mianzi ikate kiangazi, na kwanza uliza kama hakuna anayegema ulanzi kwenye kichaka hicho, nisije nikaletewa kesi.

Udongo wako mwekundu nauhofia kwa ufinyanzi mwingi, yaani ule udongo laini unaonata. Ondoa wa juu wenye mizizi, chimba wa chini, ujaze theluthi ya chupa ya lita moja, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa, acha mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, vumbi laini katikati, ufinyanzi juu. Mchanga uwe nusu au zaidi, ufinyanzi kama robo. Kisha viringisha kamba ya udongo nene kama dole gumba mbili, isukume taratibu ining'inie ukingoni mwa meza. Ikikatika kabla ya sentimeta 5, ufinyanzi ni mdogo. Ikifika 15 bila kukatika, umezidi; ongeza mchanga wa mtoni na mabua ya ngano yaliyokatwakatwa, ambayo huko kwenu hayakosekani. Fyatua matofali kumi ya majaribio, uyaache wiki tatu. Tofali lililopasuka limekuambia kitu, lisikilize kabla hujafyatua 3,000.

Usifyatue Juni. Tofali lenye maji likipigwa na barafu usiku linachubuka kama mkate mbichi. Chimba na loweka udongo Julai, fyatua Agosti, tofali likae kivulini chini ya nyasi siku tatu za kwanza, jenga Septemba na Oktoba, na bati liwe juu kabla mvua za Novemba hazijaanza kutafuta sababu. Ukichelewa, funika kuta kwa turubai ungoje mwaka wa pili. Aliyeharakisha namjua, ni mimi, nyumba ya pili, na sitaki kuieleza.

Tetemeko usilisahau. Makete iko pembeni ya Bonde la Ufa. Karonga, ng'ambo ya mpaka upande wa Malawi, ilitikiswa mfululizo Desemba 2009, na Kagera ilipigwa tarehe 10 Septemba 2016 kwa kipimo cha 5.9, kote huko zilizoanguka zaidi ni nyumba za tofali zisizofungwa, za kuchoma kwa mbichi. Udongo una nguvu ya kubeba, hauna nguvu ya kuvutwa. Kwa hiyo urefu wa ukuta kwenda juu usizidi mara nane ya unene wake. Wako ni mara sita, uko salama. Dirisha au mlango usizidi upana wa mita 1.2, ukae mita 1.2 toka kila kona, na matundu yote kwa pamoja yasile zaidi ya theluthi ya urefu wa ukuta. Kila kozi ya nne laza mianzi iliyopasuliwa, ikipishana kwenye kona na kufungwa kwa waya. Juu kabisa zungusha mkanda wa mbao nyumba nzima, kama mkanda wa suruali, na kenchi zifungwe kwenye mkanda huo, zisikalie ukuta tu.

Miguu ya nyumba ni mawe, sentimeta 50 juu ya ardhi, kisha karatasi ya lami, ndipo tofali la kwanza. Nyuma, upande wa mlima, chimba mfereji kabla ya kitu kingine chochote. Maji ya mteremko yameua nyumba nyingi za udongo kuliko mvua ya juu. Sakafuni jamvi la zege ni adui wa miguu ya mama. Ukipata usafiri, lete kokoto zile nyepesi za volkano za upande wa Rungwe, zinazoelea majini, tandika sentimeta 15 juu ya mawe, halafu udongo ulioshindiliwa. Chumbani kwa mama maliza kwa mbao za msindano.

Madirisha: kioo nje, vibao vya mbao ndani vinavyofungwa jioni. Yale matundu ya maua ya zege juu ya dirisha usiyaweke. Mlangoni jenga kiukumbi kidogo cha mita moja na nusu chenye milango miwili, mtu afunge wa kwanza ndipo afungue wa pili.

Fundi wako wa tofali za kuchoma usimdharau, ana hoja nusu. Tofali la kuchoma halitakupa joto zaidi ya bichi, na tanuru moja litameza kuni ambazo zingepika chakula chenu kwa muda mrefu sana. Lakini linavumilia maji. Mpe kazi ya jiko, dohani, bafu na kozi tatu za kwanza juu ya mawe. Atafurahi, nawe utakuwa na rafiki kwenye eneo la ujenzi badala ya mpinzani.

Ndugu wanaocheka wapeleke Weilburg, Ujerumani, wakaone jengo la udongo wa kushindilia la ghorofa zaidi ya nne, limesimama toka nusu ya kwanza ya karne ya 19 na watu wanaishi humo. Au Bhutan, milimani kabisa, ambako wakulima wanajenga hivyo nyumba za ghorofa mbili. Au uwaache wacheke mpaka Julai, watakuja wenyewe kuota moto.

SWALI

Mama Fundi, shikamoo. Niko Lushoto. Nyumba yetu ni ya miti na udongo, alijenga marehemu baba. Miaka miwili iliyopita tuliipiga lipu ya saruji nje ipendeze. Sasa inabanduka vipande vikubwa, na ndani ukuta unanuka unyevu, jambo ambalo zamani halikuwepo. Fundi anasema mchanganyiko ulikuwa dhaifu, tuongeze saruji na wavu wa kuku. Tufanyeje?

*Msomaji, Lushoto*

JIBU

Marahaba. Msiongeze hata kijiko.

Udongo hupumua: unavuta unyevu kidogo, unavimba, unautoa, unasinyaa. Saruji imekaa juu yake ngumu kama sahani. Baada ya misimu miwili inaachana na ukuta, inapata nyufa nyembamba, mvua inaingia kwenye nyufa na haina pa kutokea. Harufu mnayoisikia ni maji yaliyofungiwa. Wavu wa kuku utashikilia saruji isianguke, wakati nyuma yake miti inaoza msiione.

Bandueni yote, taratibu, kuanzia juu. Acheni ukuta ukauke wiki nne za jua. Chomeni bisibisi kwenye miti ya chini karibu na ardhi. Ikizama kirahisi, badilisheni mti huo kwanza. Kisha kandikeni: udongo uliochekechwa ndoo moja, mchanga ndoo mbili, nyasi zilizokatwa urefu wa kidole, na kinyesi kibichi cha ng'ombe, kama robo ya ndoo. Loweka siku tatu, kitanuka, vumilieni. Jaribuni kwanza sehemu ya mita moja. Ikipasuka, mchanga ongeza. Kandikeni mara mbili, mkono wa pili uwe mwembamba. Mwishoni pakeni chokaa ya maji mara tatu, nyepesi. Itang'aa nyeupe, na ndicho mlichokuwa mnakitafuta kwenye saruji. Kila baada ya masika mtazame palipochubuka na kuparudia, kazi ya Jumamosi moja.

SWALI

Shikamoo Mama. Nataka kujenga Mbulu kwa matofali ya kufungamana, yale ya udongo na saruji kidogo yanayobanwa kwa mashine ya mkono. Nimeambiwa ni nyumba ya udongo pia, kwa hiyo itakuwa na joto. Ni kweli?

*Kijana wa Mbulu*

JIBU

Marahaba kijana. Ni ya udongo, ndiyo, na ni teknolojia nzuri. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wameitangaza miaka mingi, haihitaji tanuru wala saruji ya kuunganishia kozi nyingi. Joto ndilo sikuahidi. Tofali lile lina unene wa sentimeta 15. Kwa Dodoma sawa. Kwa Mbulu, baridi ya saa kumi usiku itakuwa imeshapita ukutani na kukaa na wewe.

Kama umeshanunua mashine, jenga kuta mbili upande wa kusini tu na wa kitandani, ukiacha sentimeta 10 katikati, ujaze maranda makavu yenye chokaa, uzifunge kwa waya kila kozi ya nne. Sehemu nyingine kandika ndani kwa udongo wenye nyasi nyingi, sentimeta 5. Na dari, kama nilivyomweleza ndugu wa Makete hapo juu.

Ila nimeshangaa kidogo kuulizwa hili na mtu wa Mbulu. Wazee wa Kiiraqw walichimba nyumba ubavuni mwa mlima, paa la udongo likaungana na mteremko, ng'ombe na watu humo humo, upepo ukapita juu bila kujua kama chini kuna kaya. Sikuambii urudi humo. Lakini tafuta mzee au bikizee aliyewahi kulala ndani ya nyumba ya namna ile, umuulize maji ya mlimani waliyazuiaje yasiingie kupitia paa, na waliweka miti gani chini ya udongo. Andika majina ya miti kwa Kiiraqw, unitumie.